Simu Moja, Laini Mbili

Vijana wangu wa pale sokoni Kasulu, nimechoka kuitwa. Tangu nilipofunga kibanda, kila nikipita mnapaza sauti, "Mzee Filbert, tuandikie basi, usije ukafa na ujuzi wako!" Asanteni kwa kuniombea mema. Haya, nimekaa, naandika. Ila kama mnasubiri niwape njia za mkato za kufungua simu zilizofungwa, mtasubiri sana. Nimeacha kazi kwa sababu macho yamegoma na mkono umeanza kucheza, na kioo cha simu hakitaki mkono unaocheza. Habari za nilipata nini na nilijenga nini, muulizeni mke wangu, yeye ndiye mwenye majibu.

Nilianzia kwenye redio. Mzee Sudi alikuwa na duka la redio na saa pale mjini, mtu wa Tanga aliyekuja huku kufuata biashara ya ndugu zake, akaoa Muha, na safari ikaishia hapo. Siku ya kwanza alinipa ufagio. Nilipomaliza kufagia akaniambia nifagie tena, safari hii nikitafuta skrubu. "Fundi asiyeiona skrubu sakafuni," alisema, "ndani ya redio ataionaje?" Nikapiga magoti nikazitafuta, nimevaa suruali yangu ya kanisani, maana nilidhani ufundi ni kazi ya kukaa mezani. Mama alinifulia huku ananisema mpaka suruali ikakauka.

Simu zilipoingia, Mzee Sudi alikuwa wa kwanza kuzifungua. Vifaa vyetu vilikuwa bisibisi ndogo, mita ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu, spiriti na mswaki wa zamani. Mnacheka mswaki. Nyinyi mna mashine ya upepo wa moto na darubini, sawa, hongereni. Lakini simu za huku zinauawa na vumbi jekundu na jasho la shambani, na nusu ya zile mnazoziandikia hukumu ya kifo zingeamka kwa mswaki na tone la spiriti. Nimeona kijana hapo kwenu akibadilisha sistimu chaji nzima, sehemu yote ya kuchajia, kumbe tatizo lilikuwa chembe ya udaga, ule muhogo mkavu, imekwama kwenye tundu. Mwenye simu alilipa, akashukuru, akaenda zake.

Mzee Sudi alikuwa na sharti moja ambalo hakulitania kamwe. Mteja akae kwenye benchi, aone simu yake inavyofunguliwa, aondoke nayo. Kama ni lazima ilale dukani, laini itoke, arudi nayo nyumbani. "Sisi tunatibu mwili wa simu," alikuwa akiniambia. "Rohoni mwake hatuingii. Na ukiingia kwa bahati mbaya, utoke bubu." Kuna siku alikuja bwana mmoja na simu ya mkewe, amevaa miwani ya jua ndani ya duka.

"Ifungue tu, fundi. Amesahau namba ya siri."

"Aje mwenyewe," Mzee Sudi akamjibu bila kuinua kichwa.

"Ni mke wangu!"

"Ndiyo maana nasema aje. Na mimi nina mke. Simu yake sijawahi kuishika, na ndoa yangu ina umri mkubwa kuliko hilo koti lako."

Yule bwana alitoka anafoka. Aliipeleka kwa fundi mwingine, ikafunguliwa, na nyumba ile haikumaliza mavuno. Sisemi mke hakuwa na makosa. Nasema simu ilifunguliwa na mtu ambaye hakulazimika kulala katika nyumba ile.

Baadaye nilihamia Kibondo, nikawa na kibanda cha kutengeneza na kuchaji. Watu walitoka Murungu na vijiji vya mbali, wanaacha simu asubuhi wakienda gulioni, wanazichukua wakirudi. Kila simu niliibandika karatasi ya jina. Mkitaka kujua watu wa huku walivyokuwa wanaaminiana, wengi walinitajia namba ya siri kwa sauti, mbele ya foleni nzima, na wengine wakataka niiandike hapo hapo kwenye karatasi ya jina isije ikapotea. Simu ikilia, wateja walitegemea niipokee. "Mwenyewe yuko gulioni, simu iko chaji, nimwambie nini?" Nimepokea salamu za harusi, nimepokea habari za ng'ombe kuzaa, nimepokea msiba nikakaa nao kifuani mpaka mwenyewe aliporudi na kapu lake la dagaa. Wakongo wa kambi ya wakimbizi wao walikuwa wagumu kidogo. Kulikuwa na mama mmoja akiniletea simu anasimama juu yangu, "Fundi, telefone yangu haiendake nyuma ya meza, iko na mambo yangu ndani." Wateja wa kwetu walimcheka. Leo nadhani yule mama alikuwa ametutangulia wote.

Nilirudi Kasulu wakati simu za tachi zimeshaanza kushuka mpaka vijijini. Nikauza na vikorokoro vyake: kava, protekta, pawabenki, vispika vya masikioni. Maoni yangu mnayajua. Mtu ananunua kava nene la mpira, simu inakuwa na joto la mgonjwa wa malaria, kisha ananilaumu betri imevimba. Protekta namsifu, anakufa yeye ili kioo kipone. Vile vispika vya masikioni visivyo na waya nimewauzia vijana wa bodaboda na nikawaombea kwa Mungu, maana ukiwapigia kelele barabarani hawasikii, wanatingisha kichwa tu. Na ile michoro ya kidole ya kufungulia simu, jamani, futeni vioo vyenu! Alama ya mafuta inaonyesha mchoro wote, hata mwanangu wa chekechea alikuwa anaisoma.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Dada yangu mkubwa, Generoza, anaishi Heru Juu. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Anastazia. Wazazi wa Anastazia walikimbia Burundi yeye akiwa mgongoni, wakakaa, wakalima, na baadaye familia yote ikapewa uraia. Hawa wanawake wawili walilima pamoja, wakazaa kwa kupokezana, wakauguzana. Dada alipolazwa muda mrefu hospitali, binti yake Editha alinyweshwa uji na Anastazia, akalala kitanda kimoja na Bukuru, mtoto wa Anastazia. Kati ya nyumba zile mbili kulikuwa na uzio wa minyaa wenye uwazi mmoja, na uwazi ule ulikuwa umekanyagwa mpaka ukang'aa.

Simu yao ya kwanza waliinunua kwa kuchangishana, kitochi kidogo cheusi, na niliwauzia mimi. Kila mmoja alikuwa na laini yake. Wiki hii simu iko kwa huyu, wiki ijayo inaruka minyaa. Anayemaliza zamu anatoa laini yake, anaifunga kwenye pindo la kitenge, anakabidhi simu. Nyumba nyingi za huku ziliishi hivyo na wala haikuwa ajabu. Niliwapangia majina na meseji vikae kwenye laini, kwa hiyo laini ikitoka, mambo yako yametoka nayo. Ilikuwa kweli kwenye kitochi. Watu wakaishika kweli hiyo kama amri ya kumi na moja: siri inakaa kwenye laini.

Kisha Editha, aliyekuwa Mwanza kwenye saluni, akamtumia mama yake simu ya tachi kwa basi. Dada hakuifanya yake peke yake. Aliibeba mpaka kibandani kwangu akiwa na Anastazia, akasema, "Tuwekee kava zuri, hii ni yetu." Nikawawekea. Nikawaambia pia, "Sikilizeni. Hii si kitochi. Humu mambo yanabaki kwenye simu yenyewe, hata laini ikitoka. Picha zinabaki, sauti zinabaki."

"Kwani mimi mgeni wa simu?" dada akasema. "Laini si naondoka nayo?"

"Laini unaondoka nayo, mambo yanabaki."

Anastazia akampiga dada kiwiko. "Huyu kaka yako anataka tununue ya pili."

Wakacheka wakashikana mikono, na mimi nikacheka nao, maana kweli nilikuwa muuza simu na maneno yangu yalinuka biashara. Nikarudia mara nyingine, wakaniaga.

Editha alipokuja likizo ya Pasaka alimfundisha mama yake kutuma sauti kwa mtandao. Dada kusoma kunampa tabu, kwa hiyo ile kushika kitufe ukaongea ilimfaa sana. Anastazia hakuwa amejiunga, yeye alitumia simu kwa kupiga, kwa tochi na kwa kwaya. Na likizo ile ile ndipo Editha na Bukuru, ambaye naye alikuwa fundi ujenzi huko huko Mwanza, walipowaambia wazazi kwamba wanataka kuoana. Heru Juu ilifurahi. Dada alipiga vigelegele uani, nilikuwapo. Anastazia alilia kwa furaha mpaka akakaa chini.

Asubuhi moja ya Jumamosi, posa ikiwa imeshakubaliwa, Anastazia alikuja kibandani peke yake. Alikuwa ametembea toka Heru Juu, viatu mkononi, miguu ina vumbi. Aliniamkia, "Mwakeye, kaka," akakaa kwenye benchi. Alisubiri mteja mwingine aondoke. Kisha akaitoa simu ndani ya kitenge akaiweka mezani.

"Hapa," akasema, akaonyesha kwa ncha ya kidole. "Hiki kialama cha kipaza sauti. Kilikuwa na rangi nyingine. Nimegusa, kimegeuka bluu. Kirudishe kilivyokuwa."

"Ulisikiliza sauti?"

"Nilinunua bando nisikie kwaya. Ikaingia sauti ina picha ya Editha. Nikajua mtoto ananisalimia."

Haikuwa salamu yake. Ilikuwa jibu la Editha kwa mama yake, lililoingia kwenye akaunti ya dada iliyobaki ndani ya simu, na jibu lilikuwa kali. Editha alikuwa anasema, mama usirudie tena maneno hayo, Mama Bukuru ndiye aliyenilea, mimi naolewa na Bukuru. Anastazia hakuelewa. Akapanda juu kidogo, akagusa sauti iliyotangulia, akamsikia Generoza.

Sikuomba kusikiliza. Aliniambia mwenyewe, maneno yote, kwa sauti ya kawaida kabisa. Dada yangu alikuwa amesema: Anastazia nampenda, lakini mkimbizi ni mkimbizi. Karatasi ya uraia haibadilishi damu. Siku moja watasikia kwao kumetulia, watafunga mizigo, na wewe utabaki na watoto mgongoni. Mwambie umebadili nia, mwanangu, mimi nitajifanya sijui.

Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama. Ni dada yangu, nimenyonya ziwa moja naye! Nilijua pia kwamba ule ulikuwa woga wa mama anayeona binti yake anaondoka, woga wa kijinga uliookota neno la kijinga lililokuwa karibu. Nikataka kumwambia hivyo. Anastazia akainua mkono.

"Kinachoniuma, kaka, ni kwamba sauti ni ile ile. Ile anayoniamkia nayo kila asubuhi. Ningesikia nyingine ningesema ni mtu mwingine." Akafuta kioo kwa pindo la kitenge. "Jumatatu ni zamu yake. Ataona kwamba jibu la mtoto limeshasikilizwa. Kirudishe."

"Hakirudi, mama. Simu ikishasikiliza haiwezi kusahau kwamba imesikiliza."

"Wewe si fundi?"

Kazi yangu yote sijawahi kuulizwa swali lililoniuma namna ile. Nikamweleza kwamba njia iliyopo ni moja: kuisafisha simu yote, kila kitu kifutike, kisha nimwambie dada kwamba simu iliganda. Zitakwenda na picha za Pasaka. Akafikiri, akakubali.

"Na asijue nimesikia. Niapie."

"Afadhali ajue, aje akuombe msamaha, yaishe."

"Hapana. Akija kuniomba, nitalazimika kusema nimemsamehe, watoto wapate kuoana. Na bado sijamsamehe. Niache nisamehe taratibu, mwenyewe. Nikimaliza nitakuambia."

Nikaapa. Nilikuwa nimelelewa na Mzee Sudi, kuapa jambo kama lile hakukunipa shida hata kidogo. Nikaisafisha simu mbele yake. Ile mistari ya rangi ilipoanza kuzunguka kwenye kioo, alikuwa anaitazama kama anatazama marehemu anaoshwa.

Jumatatu dada alipiga kelele kuhusu picha zake za Pasaka, akaniita fundi wa kuharibu. Nikavumilia. Harusi ikafungwa baada ya mavuno, na nawaambieni, hakuna aliyecheza kama Anastazia. Alibeba maji, alipika, aliwapokea wageni wetu wa Kagerankanda kwa mikono miwili. Editha alipopiga magoti mbele yake, alimwinua haraka akamshika muda mrefu. Dada naye alilia sana. Nadhani alikuwa ameshajutia maneno yake zamani, kwa sababu tangu siku ile hajawahi kusema neno la namna ile, wala hakuvumilia kulisikia kwa mtu mwingine.

Lakini simu haikuruka minyaa tena. Anastazia alisema kioo kinamuumiza macho, akanunua kitochi chake. Alipokea salamu, alirudisha sahani zikiwa na kitu ndani, msibani alikaa upande wa dada. Ila hakuingia tena kuota moto jikoni. Ule uwazi kwenye uzio ukaanza kuota majani.

Dada akaja kibandani. "Nimemkosea nini? Wewe unaona watu wengi, niambie. Tangu lini mimi na Anastazia tukagawana simu?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Ananiambia, 'Hakuna kitu, jirani.' Jirani! Lini aliniita jirani?"

Nikainama kwenye kazi. Nilikuwa natibu tundu la chaji ambalo halikuwa na ugonjwa wowote.

Nilimwona Anastazia mara nyingi baada ya hapo, anapita sokoni na mihogo yake au maharage. Nilikuwa namtazama bila kuuliza, naye alikuwa anajua ninachotazamia. Siku moja alikuja kununua chaja. Alipokuwa anaondoka akageuka, akatabasamu kabisa, tabasamu lake la zamani, akasema, "Bado kidogo, kaka." Nilifurahi siku nzima. Nilimwambia mke wangu tu kwamba biashara imekwenda vizuri.

Mvua zilizopita Anastazia alianguka shambani kwa shinikizo la damu. Walimkimbiza kwa pikipiki, hakufika.

Mmekuwa mkinisifu kwamba katika miaka yangu yote hakuna siri ya mteja iliyotoka kibandani kwangu. Ni kweli, haikutoka mpaka leo ninapowaandikia, nanyi msiifikishe Heru Juu. Niliitunza ile ya Anastazia vizuri sana, na kila nikiifikiria najuta. Ningeivunja siku moja tu, wangelia, wangetukanana, pengine wangerudi kuota moto mmoja. Pengine pia harusi ingevunjika na mtoto wao, Bukuru mdogo, anayetambaa sasa, asingezaliwa. Sijui. Mzee Sudi alinifundisha kunyamaza, hakunifundisha ni lini kunyamaza kunaisha. Naye ameshatangulia mbele ya haki, siwezi kumuuliza.

Msibani dada alikuwa hana nguvu. Tulimkalisha nyuma ya nyumba, mjukuu wao mapajani, mimi pembeni yake. Wanawake walikuwa wanaimba Kiha na Kirundi kwa pamoja. Akanivuta shati.

"Filbert, nikwambie jambo. Kuna neno niliwahi kumwambia Editha kuhusu Anastazia. Neno baya. Sijui lilinitokaje. Kila nikimwona nilitaka kulitubu, nikaona, ya nini nimuumize kwa kitu asichokijua?" Akamfunika mtoto miguu kwa kitenge. "Leo namshukuru Mungu kwa hilo moja. Amekwenda bila kulisikia."

Akanitazama, anasubiri nimwambie kitu.

"Ndiyo, dada," nikamwambia. "Hakulisikia."